Hela, joho lake, na bibi yangu

Mwaka 1987 mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo, alirudi Tanga na mfuko mkubwa wa turubai. Mlikuwa na sabuni za kunukia, kaseti, kitambaa cha mama, na chini kabisa vitabu vinne vya katuni alivyoachiwa na baharia mwenzake, viwili havina majalada. Kimoja kilikuwa cha Thor, mungu wa radi, toleo la 362. Nilikuwa darasa la nne na Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na namba tu, kwa hiyo nilikisoma kwa macho. Sisi tulizoea gazeti la Sani, akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, watu unaoweza kuwakuta kijiweni. Humu mlikuwa na daraja juu ya shimo lisilo na mwisho, jeshi la wafu likija kama siafu, na jitu moja limesimama peke yake na bunduki mikononi. Na alikuwamo mwanamke, Hela.

Alivaa kijani na nyeusi. Joho lilimwagika nyuma yake, na kichwani alikuwa na taji la pembe zilizotanda kila upande kama matawi ya mti uliopukutika majani. Wenzangu walimpenda Thor na nyundo yake. Mimi kila siku nilimrudia yule mwanamke.

Mwaka huohuo bibi mzaa mama alikuwa amelala chumba cha uani, mwezi wa pili hainuki. Nikitoka shule nilikaa naye, nimpepee, nimnyweshe uji kijiko kwa kijiko. Jioni moja akaniambia:

"Mume wangu, hebu nionyeshe hicho kitabu kinachokunyamazisha hivyo."

Nikamsogezea karibu na macho. Aliiangalia ile picha muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Malkia wa kuzimu, bibi. Ndiye anayewachukua waliokufa."

"Haya, anawachukua. Wakishafika, anawafanyia nini?"

Nikafunua kurasa mbele, nikafunua nyuma. "Anapigana, bibi."

"Basi aliyemchora hajawahi kukaa na maiti," akasema, akafumba macho.

Bibi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyeitwa mtaani kwetu mwanamke akifariki. Alikuwa mwosha maiti. Maneno yale sikuyasahau, na nilipokuwa mkubwa, nimekwishajua kusoma vizuri na kuchora kumekuwa ndiyo riziki yangu, nikaanza kumtafuta huyu mwanamke mwenye pembe alikotoka.

Alitoka mbali zaidi kuliko New York, kwa wachapishaji wa katuni zile. Jina lake la asili ni Hel, na habari zake nyingi tumezipata kwa Snorri Sturluson, kabaila na mshairi wa Iceland aliyeandika kitabu chake cha Edda karibu na mwaka 1220. Kufikia hapo watu wa Iceland walikuwa Wakristo kwa miaka kama mia mbili, na Snorri mwenyewe alikuwa Mkristo. Alikuwa anaandika miungu ya mababu isije ikasahaulika, kwa sababu mashairi ya zamani hayakueleweka bila hiyo miungu. Anasema Loki, mungu mjanja, alizaa watoto watatu na jitu la kike liitwalo Angrboda: mbwamwitu Fenrir, joka Jörmungandr, na binti, Hel. Odin, mkuu wa miungu, alimtupa joka baharini, na yule binti akamtupa Niflheim, chini kwenye ukungu na baridi, akampa mamlaka awagawie makao wote watakaopelekwa kwake.

Ni akina nani hao? Hapa ndipo moyo wangu ulipokaa. Waliouawa vitani waligawanwa na Odin na mungu wa kike Freyja. Kwa Hel walikwenda waliokufa kwa maradhi na kwa uzee. Yaani waliokufa kitandani. Yaani bibi yangu.

Snorri anaeleza nyumba ya Hel kitu kimoja kimoja, kama mtu anayekutembeza. Kuta ni ndefu sana na malango ni makubwa. Ukumbi unaitwa Éljúdnir. Sahani yake inaitwa Njaa, na kisu chake nacho kina jina la njaa, ile ya ukame. Mtumishi wake wa kiume na yule wa kike wana majina yanayotokana na kutembea polepole, kwa uvivu. Kizingiti kina jina la hatari ya kuanguka. Kitanda kinaitwa Kitanda cha Ugonjwa, na pazia linalokizunguka lina jina la balaa linalong'aa.

Wengi wanaposoma orodha hii wanaona mahali pa mateso. Mimi niliisoma mara ya kwanza nikakiona chumba cha uani. Mgonjwa ambaye chakula hakipiti, sahani iko mbele yake na bado ni ya njaa. Mchana unaotambaa, hata anayeleta maji unamwona kama hafiki. Kizingiti kile cha saruji ambacho bibi alikuwa anakivuka mara mia kwa siku, kisha ikafika siku akajikwaa hapo, na tangu siku hiyo hakukivuka tena kwa miguu yake. Pazia la mlangoni, jua la alasiri likilipiga kwa nyuma, linang'aa, na wewe unajua kabisa kuna nini ndani. Aliyetunga majina yale alikuwa ameuguza. Amekesha. Hakuna askari anayeweza kuota sahani iitwayo Njaa namna hiyo.

Halafu kuna sura yake. Snorri anasema Hel ni nusu wa rangi ya nyama na nusu wa bluu iliyoiva hadi weusi, kwa hiyo anatambulika kirahisi, na uso wake ni wa kuinama, mkali. Hili nalo bibi alikuwa amekwisha nieleza bila ya kumjua Snorri. Siku moja nilimuuliza anaona nini kule anakoitwa. Akasema hayo hayasemwi, mwosha akitoka chumbani anayaacha humohumo. Ila jambo moja aliniambia, kwa kuwa alisema ni la Mungu na si la mtu: maiti akikaa saa chache, upande alioulalia unageuka rangi, unakuwa kama zambarau, na upande wa juu unabaki umepauka. Damu inateremka, hakuna tena wa kuisukuma. Mtu mmoja, rangi mbili. Huyo ndiye Hel. Waliomwelezea walikuwa wamemgeuza marehemu wakaona.

Sasa twende kwenye katuni.

Alizaliwa upya Machi 1964, katika jarida la Marvel liitwalo Journey into Mystery, toleo la 102, mikononi mwa mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Jina likaongezwa herufi moja, akawa Hela. Katika hadithi hiyo fupi Thor ni kijana bado, na msichana Sif ametekwa na kukabidhiwa kwa Hela. Thor anashuka kumtafuta, na anapomkuta anatoa uhai wake badala ya uhai wa Sif. Hela anaguswa na jambo hilo, anawaachilia wote wawili. Nililipenda sana hili nilipolijua. Mara ya kwanza kabisa anapoonekana kwenye karatasi ya katuni, malkia wa wafu anaonyesha huruma. Hapigani. Anasikiliza, anapima, anaamua.

Na hapa ilinibidi nimjibu bibi, ingawa alikuwa amekwishatutoka. Kirby alikuwa amewaona wafu. Alipigana Ufaransa mwaka 1944 katika vita vya pili vya dunia, baridi nusura impotezee miguu. Lakini wafu aliowaona ni wale wa Odin, vijana walioangushwa na risasi. Labda ndiyo maana kifo kwenye katuni hizi kila mara kinakuja na mwendo wa vita, kina jeshi, kina mapigo ya nguvu yanayopasua ukurasa. Hilo si kosa la mchoraji asiyejua. Ni mchoraji aliyejua kifo cha aina moja kwa undani mno.

Miaka ikaenda, na Hela akazidi kuwa na tamaa. Anataka roho ya Thor, anataka ya Odin, anataka Asgard yote, makao ya miungu. Kuna wakati hadithi ilikaribia kumwelewa tena. Katika toleo la 190 la Thor, mwaka 1971, Odin anamuua Hela ili kumwokoa mwanawe. Kumbe kumuua yeye ni kukiua kifo. Vyote vilivyo hai vikaendelea kukua bila kikomo, dunia ikaelekea kusongwa na uhai wenyewe, ikabidi Odin amrudishie pumzi. Wazo hili ni kubwa, na limepewa kurasa chache mno. Ningekuwa mimi ningelipa kitabu kizima.

Kisha akaja Walter Simonson, aliyeanza kuandika na kuchora Thor mwaka 1983, na huyu ndiye wa kitabu changu kilichotoka kwenye mfuko wa turubai. Simonson aliisoma Edda kwa upendo, inaonekana kwenye kila ukurasa, hata maandishi ya kelele na milipuko yana umbo la kuchongwa kwenye jiwe. Katika matoleo ya 360 hadi 362, mwishoni mwa 1985, Thor na wenzake wanashuka Hel, yaani kuzimu kwa Hela, kuzikomboa roho za watu wa duniani zilizopelekwa huko kwa hila. Wakati wa kutoka, jeshi la wafu linawafuata, na daraja ni moja tu. Skurge, mtu ambaye maisha yake yote alimtumikia mwanamke asiyempenda, anabaki nyuma peke yake kulizuia jeshi mpaka wenzake wafike salama. Lile ndilo jitu nililoliona nikiwa darasa la nne. Nilililia bila kuelewa neno hata moja, na nikilisoma leo nikiwa naelewa yote, bado kifua kinabana.

Daraja lile liko kwenye Edda, kwa jina lilelile. Tofauti ni kinachotendeka juu yake. Kwa Snorri, Hermod, mjumbe wa miungu, anapanda farasi wa Odin, anasafiri siku tisa kwenye mabonde ya giza hadi kwenye daraja lililoezekwa dhahabu, na hapo hakuti jeshi. Anamkuta msichana, Modgud, mlinzi. Msichana anamuuliza jina lake na ukoo wake, vile mgeni anavyoulizwa kwenye baraza yoyote. Anamwambia jana vikosi vitano vya wafu vilipita hapa, lakini daraja limenguruma chini yako peke yako kama lilivyonguruma chini ya wote wale, na rangi yako si ya maiti. Uko hai, unatafuta nini huku? Kisha anamwonyesha njia, chini, kaskazini.

Hermod amemfuata Balder, mwana wa Odin, aliyeuawa kwa kijiti cha mmea uotao juu ya miti mingine. Anamkuta ukumbini amekaa kiti cha heshima. Nilisoma hapo mara tatu. Hel hakumfunga wala hakumtupa pembeni. Liko pia shairi la kale ambalo Odin anakwenda kuulizia habari za kuzimu kabla Balder hajafa, anaambiwa kwamba mabenchi yamekwisha pambwa kwa dhahabu, na kinywaji cha asali kimekwisha andaliwa, kimefunikwa kwa ngao. Nyumba inamsubiri mgeni. Hermod analala huko usiku mzima, asubuhi anamwomba Hel amrudishe Balder. Hel hapandishi sauti. Anasema: tuone kama kweli anapendwa hivyo. Vitu vyote duniani, vilivyo hai na vilivyokufa, vikimlilia, atarudi. Kimoja kikikataa, anabaki.

Vikalia vyote. Watu, wanyama, udongo, mawe, miti, na madini, kama unavyoviona vikitoa maji vinapotoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, anasema Snorri. Akakataa mmoja tu, jitu la kike pangoni aitwaye Thökk, na watu walihisi huyo alikuwa Loki amejigeuza. Hel akabaki na Balder, kwa sababu sharti ni sharti na lilikuwa la haki. Kabla ya hapo Hermod alikuwa ameondoka na zawadi: pete ya Balder kwa baba yake, na Nanna mkewe akatuma kitambaa cha kitani kwa mama mkwe. Kitambaa kimetoka kuzimu kwenda kwa aliyebaki na msiba. Ningetoa chochote nione Kirby angeichora vipi fremu hiyo.

Wengi wenu mmemjua Hela kwenye sinema ya Thor: Ragnarok ya 2017, ameigizwa na Cate Blanchett, na ameigizwa kwa nguvu kweli. Ila mle si binti wa Loki tena, ni mtoto wa kwanza wa Odin, mshindi wa vita aliyefungiwa. Wafu wake ni wanajeshi anaowafufua wapigane tena. Wale waliokufa kwa homa, kwa uzazi, kwa umri, hawamo kabisa. Wameondolewa nyumbani kwao wenyewe.

Lakini katuni ina jambo moja ambalo sinema haina, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Joho. Kwenye vitabu vya Marvel, Hela akiwa na joho lake ni mzima na mzuri. Akivuliwa, nusu ya mwili wake inaonekana ilivyo, imekufa na kuoza, na nguvu zinamwishia. Rangi mbili za Snorri hazikufutwa. Zimefunikwa. Na adui zake wakishajua, wanalikimbilia joho.

Nikiwa na miaka thelathini na kitu, nilisoma mahali asili ya jina lenyewe. Wataalamu wa lugha za kaskazini ya Ulaya wanalirudisha jina Hel kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kufunika, kuficha. Neno la Kiingereza la jehanamu limetoka hapohapo, lakini limefika likiwa limebadilika, limejaa moto. Mwanzo hapakuwa na moto. Palikuwa na kufunika tu. Nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kidogo, maana neno hilo ninalo tangu utotoni. Sisi tukitoka makaburini tunasema tumemsitiri. Tunaulizana, mtamsitiri saa ngapi? Hatusemi tumemfukia. Tunasema stara.

Bibi alifariki alfajiri ya Alhamisi. Walikuja wanawake wanne, wote yeye ndiye aliyewafundisha. Mimi kama mwanamume nilikaa nje, nimeegemea ukuta wa chumba cha uani, na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilisikia jembe likichimba ufuo chini ya kitanda. Nilisikia kata ikizama ndooni na maji yakimwagwa taratibu, na baina ya kata na kata sauti ya mama mmoja ikimwambia bibi, kama vile yu macho, "Sasa tunakugeuza, mama, upande wa kushoto." Harufu ya majani ya mkunazi ilitangulia, ikafuata ya karafuu maiti na ubani. Hakuna aliyelia mle ndani mpaka sanda ya mwisho ilipofungwa. Walipotoka, mikono yao ilikuwa imekunjamana kwa maji. Na hakuna aliyesema alichokiona.

Kile kitabu kililowa masika ya 1990, dari ilipovuja, kurasa zikagandana. Nimenunua kingine ukubwani. Kazi yangu ni mabango ya maduka na picha za nyuma ya bajaji, lakini usiku, wiki ya tatu sasa, ninamchora Hela kwa penseli. Ukurasa mmoja wa fremu sita. Nimembakishia pembe zake, kwa sababu Kirby alimpa na zimemkaa. Nimemchora ameketi chini, si kwenye kiti cha enzi, pembeni ya kikongwe aliyefika sasa hivi kutoka kitandani kwake na bado hajui yuko wapi. Fremu ya nne anamuuliza jina na ukoo. Fremu ya tano analivua joho lake mwenyewe, bila kunyang'anywa, na nusu ya bluu inaonekana yote, naye hajali. Fremu ya sita anamfunika nalo yule kikongwe.

Mikono ndiyo inayonisumbua. Nikiichora laini inakuwa ya malkia, nikiikaza inakuwa ya askari. Jana nilikaa mpaka umeme ukakatika, nikawasha mshumaa, nikachora vidole peke yake, vya mkono wa kulia, vimekunjamana kwa maji. Vile vimekubali. Leo nikitoka kazini nachora mkono wa kushoto.